Mwalimu na Utumwa Uliobaki: Mazungumzo ya Tawi, Kumbukumbu ya Oktoba 14

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Jumapili kwenye mkutano wa tawi letu hapa Musoma, tulipokutana kumkumbuka Mwalimu. Wengi hamkuweza kufika. Wengine mlikuwa ziwani, wengine shambani, na baadhi ya wenzetu wanaotoka Bunda na Butiama walikwama kwa usafiri. Kamati imeona yatumwe kwa simu, kila mmoja ayasome na kuyajadili kwenye shina lake. Ni marefu kidogo, tuvumiliane. Mwishoni kuna mambo manne tuliyokubaliana, nayo yanamhusu kila mmoja wetu, viongozi wakiwa wa kwanza.

*Kwa nini tumezungumzia utumwa*

Kila Oktoba tunarudia yale yale. Mwalimu alizaliwa Butiama, akasoma Mwisenge, akaleta Uhuru, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani Mwitongo. Watoto wetu wanayajua kwa moyo. Mwaka huu tumeamua kumtazama kwa jambo moja tu, nalo ni vita yake dhidi ya mtu kumfanya mtu mwenzake chombo chake.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Mwaka huo huo wa 1922 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kufuta utumwa Tanganyika. Maana yake ni kwamba mzee wetu huyu, ambaye baadhi yetu tulimwona kwa macho na kumpa mkono, alizaliwa mwaka ambao utumwa ulikuwa ndiyo kwanza unafutwa kwenye vitabu vya sheria. Si jambo la zamani sana kama tunavyodhani.

Tukumbushane kidogo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza. Kufunga soko hakukuwa kufuta utumwa. Waliokwisha kununuliwa walibaki watumwa hadi mwaka 1897, sheria ilipoacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba. Hata hapo, sheria hiyo iliwaacha nje masuria, yaani wanawake waliokuwa ndani ya nyumba za mabwana. Wao walisubiri hadi mwaka 1909. Tunaomba mlishike hilo: wa mwisho kukumbukwa walikuwa wanawake waliokuwa ndani ya nyumba. Tutalirudia.

Huku bara Wajerumani walijitapa kwamba wamekuja kukomesha biashara ya watumwa, na kwa jina hilo wakapiga vita pwani mwaka 1888 na 1889. Lakini walipokwisha kutawala hawakuufuta utumwa wenyewe. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wahesabiwe kuwa watu huru. Mama anabaki mtumwa, mtoto ni huru. Katika kanda hii yetu, tauni ya ng'ombe na njaa za miaka ya 1890 ziliwavunja watu kabisa, na wazee walisimulia habari za watoto waliotolewa kwa jamii za jirani ili familia ipate nafaka. Kwa hiyo tusiseme utumwa ni habari ya pwani na Waarabu peke yao.

Sheria ya 1922 ilikuwa jambo jema. Lakini mkoloni alikuwa na njia nyingine ya kupata watu wa kazi. Alikuwa na kodi. Mtu asiye na shilingi alilazimika kuzitafuta, na zilipatikana kwenye mashamba ya mkonge, ambako alipewa namba na kuitwa manamba. Wakati wa vita kuu ya pili serikali iliandikisha watu kwa nguvu kwenda kwenye mashamba hayo. Jina la mtumwa lilikuwa limefutwa, lakini mtu aliendelea kuishi bila hiari yake mwenyewe. Hiyo ndiyo Tanganyika aliyokulia Kambarage.

*Aliuona nyumbani kwanza*

Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake wengi. Utawala wa Waingereza uliwatumia machifu kukusanya kodi na kuita watu wa kazi. Basi Kambarage alizaliwa upande wa waliokuwa na nafuu. Angeweza kunyamaza na kula cha baba yake.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, aliletwa hapa Musoma, shule ya Mwisenge. Wengi wetu tumesoma hapo au watoto wetu wamesoma hapo. Kutoka hapo akaenda Tabora, kisha Makerere. Na huko Makerere, mwaka 1944, kijana huyu wa miaka 22 aliandika insha. Mtu angetarajia aandike juu ya Waingereza. Yeye aliandika juu ya uhuru wa wanawake. Alikuwa amesoma kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake, akageuka kutazama nyumbani kwao, kwa Wazanaki, akaona jinsi mama zake walivyofanya kazi na jinsi walivyokosa sauti.

Tunasisitiza hilo kwa sababu mara nyingi halisemwi. Mtu ambaye baadaye alisimama Umoja wa Mataifa mwaka 1955 kudai haki ya Tanganyika alikuwa ameanza kwa kuuliza maswali juu ya boma la baba yake. Ni rahisi kumwona mnyonyaji aliye mbali. Kumwona aliye nyumbani kwako, anayekulisha na kukusomesha, kunataka moyo.

*TANU na Uhuru*

Habari za TANU mnazijua, hatutazirefusha. Tarehe 7 Julai 1954 chama kilianzishwa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Mwalimu aliacha kazi ya ualimu Pugu, akapoteza mshahara, akarudi huku nyumbani na familia yake kabla ya kuzunguka nchi nzima. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri kwenye gazeti la chama. Mahakama ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa, kazi ikaendelea.

Wapo wasomi waliosema wananchi hawakuijua siasa, walifuata tu. Si kweli. Mtu aliyewahi kubebeshwa mzigo wa bwana shauri, aliyelazimishwa kupunguza ng'ombe wake, aliyelala porini kukwepa kodi, hakuhitaji kueleweshwa Uhuru ni nini. Tarehe 9 Desemba 1961 ulipofika, alijua umemtoa wapi.

Baada ya Uhuru, tuangalie mambo mawili.

La kwanza ni uchifu. Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu. Chifu wa Wazanaki wakati huo alikuwa Edward Wanzagi, ndugu yake Mwalimu kwa baba, aliyeshika nafasi ya Burito alipofariki mwaka 1942. Kwa hiyo Mwalimu alipofuta uchifu, alifuta cheo cha nyumba yake mwenyewe. Hakusema uchifu ufutwe Usukumani na Unyamwezini, lakini Butiama usubiri kwanza.

La pili ni migodi. Kwa miaka mingi vijana wa Tanganyika waliandikishwa na mawakala kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, kwenye nchi ya makaburu. Serikali ya Uhuru ilifunga mlango huo, ingawa fedha za vijana hao zilikuwa zinahitajika nyumbani. Kisha Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU kuanzia mwaka 1963, wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini wakapata mahali pa kuishi, kusoma na kujipanga. Gharama tulilipa sisi, nchi maskini. Mwalimu aliona kwamba mtu hawezi kuwa huru kabisa huku jirani yake amefungwa.

*Azimio, na matembezi kupitia Bunda*

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Watu wengi hukumbuka mabenki kutaifishwa. Sisi tunataka mkumbuke sehemu ya viongozi. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba ya kupangisha, kuwa na hisa kwenye kampuni. Kwa nini lianze kwa kiongozi? Kwa sababu huwezi kumwambia mwananchi unyonyaji ni mbaya huku wewe unaishi kwa jasho la mwingine.

Oktoba mwaka huo Mwalimu alitoka Butiama kwa miguu kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Barabara ya kutoka kwetu kwenda Mwanza inapita Bunda, na ninyi wa Bunda mnajua jua la hapo na upepo wa ziwa. Rais alikuwa na gari. Alitembea ili kuunga mkono Azimio, na ili aonekane analibeba kwa miguu yake kama wengine waliokuwa wakitembea nchi nzima.

Na Novemba 1974, mji wetu huu uliweka jina lake kwenye historia: Azimio la Musoma. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa ikaamua watoto wote wa Tanzania wapate elimu ya msingi, na lengo likawa mwaka 1977. Ni mtoto yule yule aliyetembezwa kwenda Mwisenge miaka 40 nyuma, sasa anasema kila mtoto apate darasa, asiwe tu mtoto wa chifu.

*Tusifiche makosa*

Kwenye mkutano mzee mmoja alisimama akasema: mnamsifu, je, na yale ya vijiji? Alikuwa na haki ya kuuliza, na tunaandika jibu hapa kwa sababu uongo haumjengei mtu heshima.

Mwaka 1968 Mwalimu aliandika kwamba watu hawaendelezwi kwa nguvu, hujiendeleza wenyewe. Miaka mitano baadaye ikaja amri kwamba wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwaka 1976. Wapo wazee humu Mara walioona nyumba zao zikivunjwa na mazao yakiachwa shambani. Vile vile sheria ya mwaka 1962 iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Haya yalifanyika chini ya uongozi wake. Mtu aliyepigana na kulazimishwa naye alilazimisha.

Tunachojifunza si kwamba Mwalimu hakuwa mkweli. Tunajifunza kwamba tabia ya kumwamulia mtu mwingine maisha yake inaweza kumwingia hata aliye mwema, tena anapodhani anamsaidia. Shikeni maneno hayo, "anapodhani anamsaidia". Sasa tunakuja kwetu.

*Kwetu sisi*

Ndugu wanachama, jambo hili kamati ililijadili kwa saa mbili kama lisemwe au la. Tumeamua kulisema bila kutaja majina.

Mwaka jana binti wa miaka 13 alichukuliwa kutoka kijiji kimoja wilayani Bunda. Mama yake aliambiwa binti atasomeshwa mjini, na jioni atasaidia kazi ndogo ndogo. Aliyemchukua ni mwenzetu. Nyumba aliyoletwa ni ya mwenzetu, hapa hapa Musoma. Binti hakupelekwa shule hata siku moja. Aliamka kabla ya adhana, akalala wa mwisho, chumbani walimokuwa wanaweka magunia ya mahindi. Mshahara ulisemekana unatumwa kwa mama. Mama alipokea mara moja tu. Simu ya kuongea na nyumbani ilikuwa ya mwenye nyumba, na kila mara haikuwa na salio. Miezi 11.

Tuligundua kwa sababu mama alikuja mjini kumuuguza ndugu yake, akauliza kwa mmoja wetu njia ya kufika kwenye nyumba hiyo.

Lakini, ndugu zetu, "tuligundua" si neno la kweli. Kikao cha kamati kilifanyika sebuleni kwa nyumba hiyo mara tatu katika miezi hiyo. Binti huyo ndiye aliyetuletea chai. Ndiye aliyetunawisha mikono. Tulimwambia ahsante, tukaendelea na ajenda. Kati yetu sote, watu wazima wenye watoto, hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina, wala kwa nini hayuko shule siku ya Jumatano. Siku moja ajenda yetu ilikuwa maandalizi ya kumbukumbu ya Mwalimu.

Mwenye nyumba amekiri. Amelipa malimbikizo yote, suala limefikishwa kwa ofisa ustawi wa jamii, na binti amerudi kwao na anasoma. Mwenzetu alisema mbele ya kamati kwamba alidhani anamsaidia, kwa kuwa kwao kuna njaa. Tunaamini alidhani hivyo. Ndiyo maana tumesema maneno yale mshike.

Mnakumbuka mwaka 1897? Sheria ilipita, wanaume waliokuwa mashambani wakakumbukwa, wanawake waliokuwa ndani ya nyumba wakasahauliwa miaka 12 zaidi. Sisi tumefanya vile vile. Tunapiga kelele juu ya mabeberu, na jikoni kuna mtoto.

Na si jikoni tu. Kuna vijana wadogo wanaochunga ng'ombe kwa ahadi ya ndama mmoja kwa mwaka, na mwaka ukiisha wanaambiwa ndama amekufa. Kuna watoto mialoni wanaovuta nyavu za dagaa usiku na kusinzia darasani asubuhi, kama wanafika darasani. Tunawajua. Ni wa jirani zetu, na wengine wanafanya kazi kwetu.

Sheria ipo. Katiba yetu, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asifanye kazi za hatari. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ni ya mwaka 2008. Sheria ya Mtoto ni ya mwaka 2009. Lakini tumeona mwaka 1922 kwamba sheria peke yake haimwachii mtu huru ikiwa walio karibu naye wananyamaza.

*Tuliyokubaliana*

1. Viongozi wa tawi na wa mashina waanze. Ndani ya siku 30 kila kiongozi ataieleza kamati nani anafanya kazi nyumbani kwake, ana umri gani, analipwa kiasi gani na kwa njia gani. Asiyetaka kueleza aachie nafasi. Azimio lilianza kwa viongozi, nasi tunaanza hapo hapo.

2. Mwanachama mwenye msaidizi wa kazi aliyetimiza umri amlipe mkononi mwake au kwenye simu yake mwenyewe, ampe siku ya kupumzika, ampe mahali pa kulala panapofaa binadamu, na amwache aongee na wazazi wake bila kusimamiwa.

3. Hakuna mwanachama wa tawi hili atakayechukua mtoto kijijini kwa ahadi ya shule kisha amtie kazini. Kama kweli unataka kumsomesha mtoto wa ndugu, msomeshe, na shule ikujue kuwa wewe ndiye mlezi wake. Ukimwona wakala anakusanya mabinti Bunda, Butiama au popote, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya taifa ya kusaidia watoto.

4. Kila shina lipite kwa wafugaji na mialoni, kwa heshima, bila kumdhalilisha mtu, kuuliza jina la kila mtoto anayefanya kazi na shule anayosoma. Majina yaje kwenye kikao kijacho. Wazazi wenye shida ya kweli ya chakula nao waletwe, tuone kama tawi tunaweza nini, kwa sababu mtoto hutolewa nyumbani njaa ikiingia.

Tunajua mapendekezo haya yatawaudhi baadhi yetu. Yameshatuudhi sisi wenyewe. Mwenyekiti alisema kwenye mkutano kwamba hata yeye ana kijana wa kuchunga ambaye hajamlipa tangu Juni, na kwamba atamlipa kabla ya kikao kijacho. Tulimpigia makofi, lakini tutamuuliza.

Mwakani tutakapokutana tena Oktoba 14, tumealika mama wa yule binti. Amekubali kuja, na binti akipenda atakuja naye. Safari hii chai tutaandaa sisi, na yeye atakaa sebuleni.

Msambazie mwanachama asiye na simu kwa kumsomea.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Musoma*